Bibi Aliyeita Ng'ombe wa Chini

Sijui kukaa. Mama yangu husema nilizaliwa nikiwa na siafu mwilini, na pale kibandani kwangu Geita mjini, ninapochapa barua za watu na kupiga picha za pasipoti, wateja wameshazoea kuongea na mgongo wangu. Hadithi zangu zote nimezitunga nikitembea, kutoka mlangoni hadi kwenye mashine ya fotokopi, kutoka kwenye mashine hadi mlangoni. Kipande kikishakaa sawa kichwani, nawasha simu, nakirekodi kwa sauti yangu na kukituma kwenye kundi la wasikilizaji wangu. Wengi wao ni wachimbaji wa machimbo madogo yanayouzunguka mji huu. Wanangoja zamu wamekaa juu ya viroba vya mawe, na hawana la kufanya isipokuwa kusikiliza.

Natunga mambo yasiyokuwepo: mji ulio chini ya ziwa, mtu anayegeuka mvua, fisi anayelipa kodi ya kichwa. Aliyekuwa mume wangu alikuwa akiziita hadithi hizo uongo wa jioni. Yeye aliondoka, uongo ukabaki, na sijawahi kujuta kwa mpangilio huo.

Hapa nataka kueleza juu ya hadithi moja tu kati ya hizo, pamoja na mama yangu, na kaka yangu aliye chini.

Nianze na kaka, maana bila yeye mengine hayasimami. Alikuwa mchimbaji. Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, hushuka wima kama kisima, halafu wachimbaji hukata handaki kwenda pembeni kuufuata mwamba. Kaka alikuwa huko pembeni duara lilipoporomoka. Wenzake walichimba kumtafuta mpaka kifusi kikaanza kuwatisha na wao, wakaacha. Mdomo wa duara ukazibwa. Padri alisoma misa bila jeneza, tukala, tukalia, tukatawanyika.

Katika ukoo wa mama mambo hayaishi hivyo. Mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, mtu wa damu yake lazima aende hadi mahali penyewe, na mama yake akiwa hai basi ni mama. Anamwita kwa jina lake la nyumbani. Anachukua udongo wa pale, anaufunga kwenye pindo la khanga, anaondoka. Hageuki nyuma, wala hafungui kinywa kwa mtu yeyote, mpaka udongo ufike nyumbani na uzikwe. Hapo ndipo marehemu anahesabiwa kuwa amerudi. Bila hivyo anabaki msafiri, na mama yake anabaki mtu aliyeacha mlango wazi.

Mama alifunga nyumba yake kijijini Samuye, akaja kuishi machimboni. Watu walidhani amefuata dhahabu uzeeni. Alijenga chumba cha mabati, akaanza kuuza uji na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kuchemsha kwa karanga, karibu na duara jipya lililofunguliwa jirani na lile lililomfukia kaka. Halafu siku moja wachimbaji wa duara hilo jipya, wakiwa wanakata mwamba huko chini, wakatobokea kwenye handaki la zamani. Walikuta kipande kidogo kilichobaki wazi, na mbele yake ukuta wa kifusi. Habari zilimfikia mama akiwa anakoroga uji. Tangu saa ile hakutulia tena. Alikuwa akiamka kukoroga sufuria isiyo na kitu, akizunguka chumba, akitoka kutazama winchi inayoshusha watu, akirudi. Nilipomwona hivyo nikajua siafu wangu ni wa kurithi.

Alichokitaka ni kidogo: ashushwe, amwite mwanawe, apande. Walimkatalia.

Msimamizi wa duara lile ni mwanaume mpana, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu walio shimoni. Alimkatalia kwa adabu kila alipoombwa, na alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni mwiko wa siku zote: mwanamke hashuki duarani, maana mwanamke aliye kwenye siku zake akikaribia, dhahabu inahama. Na kwa kuwa hakuna anayejua nani yuko kwenye siku zake, wote huzuiwa kwenye gogo lililolazwa chini kuwa mpaka. Sababu ya pili aliisema kwa sauti ya chini, na mimi nikiwa nimesimama hapo hapo.

"Mama, mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuacha sururu siku ile tunamtafuta," alisema. "Nakuelewa. Lakini vijana wakisikia umeshuka kumwita marehemu mahali wanapopumulia, kesho hakuna atakayeshuka. Watasema tumeita mkosi."

"Wabeja, baba," mama akamshukuru, akarudi kwenye sufuria yake.

Mimi sikushukuru. Nilimwambia msimamizi maneno ambayo mwanamke mwenye heshima zake hayasemi mbele ya mama yake, nikapanda bodaboda, nikarudi mjini.

Jumapili mama alikuwa akija kwangu baada ya misa. Hajui kusoma, lakini ndiye msikilizaji wangu wa kwanza wa kila hadithi. Yeye huchambua maharage, mimi natembea na kusimulia. Jumapili moja nilimletea jambo nililokuwa nalipenda mno: kwamba chini ya Geita kuna nchi nyingine, na dhahabu si mawe bali ni ng'ombe. Ng'ombe wa manjano, wanaolala ndani ya mwamba. Wakisikia sururu wanaamka na kuhama, ndiyo maana duara linalotema dhahabu leo, kesho ni kavu. Kisha nikamshusha shujaa wangu kwenda kuwatafuta. Alikuwa msichana wa miaka ishirini, mwenye shingo ndefu na kiuno cha kupigiwa mfano, kama ilivyo kawaida ya biashara hii.

Mama akaacha kuchambua.

"Huyo msichana ameingiaje?"

"Ameshuka kwa kamba."

"Wakamwacha?"

"Ni hadithi, mama."

"Najua ni hadithi. Nauliza, pale kwenye gogo, nani alimpitisha?"

Nilikereka. Fisi wangu alilipa kodi miezi mingi na hakuna aliyeuliza risiti. Lakini mama alikuwa na haki. Mtu atakuamini ukimwambia ng'ombe wanalala ndani ya jiwe. Ukimwambia msichana amevuka gogo la wachimbaji bila kuzuiwa, atakuona mwongo.

"Weka bibi," mama akasema. "Aliyekwisha kumaliza mambo ya mwezi. Huyo watamzuia kwa lipi?"

Nikacheka. Nani atamsikiliza bibi? Katika hadithi zetu bibi ana kazi tatu. Ama anawasimulia wajukuu, na shughuli zenyewe wanafanya wengine. Ama anakufa mwanzoni ili mtu arithi shanga zake. Ama ni mchawi. Na kwetu hii ya tatu haichekeshi. Mpe msichana nguvu za ajabu, watu watampenda. Mpe bibi nguvu hizo hizo, watu watatafuta panga. Wanawake wa huku wamepika maisha yao yote kwa kuni na samadi, macho yao ni mekundu kabla hata nywele hazijawa nyeupe, na macho mekundu peke yake yameshatosha kumwondoa mtu duniani. Mama yangu mkubwa aliolewa kijiji kimoja upande wa Ushirombo. Ng'ombe wa jirani alikufa kwa ndigana, ugonjwa unaojulikana na kila mfugaji, na baada ya hapo watu wakaacha kumwamkia. Hawakumtukana wala kumpiga. Alipita njiani na vijana wakatazama pembeni, hakuna shikamoo. Bibi wa kwetu akiacha kuamkiwa anajua maana yake. Alifunga vitu vyake na kuondoka kungali mapema, na alifanya vizuri.

Basi niliogopa kumtunga bibi. Nasema waziwazi, niliogopa. Lakini ile "weka bibi" ikaniingia na haikutoka. Mchimbaji mmoja alipokuja kupiga picha ya pasipoti nikamuuliza: mwanamke aliyekoma siku zake, naye akikaribia duara dhahabu inahama? Akawaza, uso wake ukiwa tayari kwa kamera.

"Hapana," akasema. "Huyo ni mwanaume mwenzetu."

Picha yake ilitoka imetikisika, ikabidi nimpige nyingine. Alipoondoka nilizunguka kibanda nikimlaani yeye na ukoo wake. Halafu nikaanza kutabasamu, maana alikuwa amenipa mlango wa kuingilia.

Bibi yangu wa hadithini alikuwa na miaka sabini, meno machache na goti linalolia akichuchumaa. Mama alimshikia bango tangu siku ya kwanza. Nilimpa fimbo ya ajabu, mama akasema mnyang'anye, mpe kibuyu cha maziwa. Nilimpa vita na majoka ya chini, mama akasema hana muda huo. Nilipotaka aswage ng'ombe wa manjano kwa radi, mama alicheka mpaka akafuta macho.

"Ng'ombe hapigwi ili aje, ng'wanawane, mwanangu. Anaitwa. Kila mmoja na jina lake."

Akanipa majina, ya ng'ombe wa babu yangu, wale aliowachunga utotoni. Akanipa pia sheria: bibi akishawaita na wakaitikia, apande bila kugeuka na bila kusema neno mpaka awafikishe zizini, maana neno moja litalitawanya kundi. Sheria hiyo niliijua ilikotoka. Nilidhani mama anajifariji tu, nikamwachia. Sikujua kuwa anapanga safari.

Kundini nilianza kwa kuzomewa. "Bibi atapanda ungo lini?" aliandika mmoja. Mwingine akauliza yule wa kiuno amekwenda wapi. Nilimjibu kuwa ameolewa, aache kumfuata. Lakini polepole wakaacha kejeli. Bibi alivyokuwa anavuka milango ya mwamba kwa salamu na subira, akimpa huyu maziwa, akimuuliza yule habari za mama yake, wakaanza kuniandikia asubuhi kabla sijafungua kibanda: bibi ameshafika? Kwenye duara la jirani na mama walikuwa wakisikiliza pamoja, simu moja imewekwa ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue. Sufuria ilikuwa ya mama. Na duara lao wakati huo lilikuwa kavu, kila kiroba walichopandisha kilikuwa mawe ya kujengea.

Ndipo msimamizi akaja kibandani kwangu, nyuma yake vijana wawili wa kazi. Alinisalimia, akavua kofia.

"Hii hadithi yako," akauliza, kwa ile sauti yake ya shimoni, "umetunga au umeoteshwa?"

Kuoteshwa ni kuonyeshwa jambo ndotoni na wazee waliotangulia, na machimboni hakuna cheti kikubwa kuliko hicho. Watu wamefungua maduara kwa ndoto na kuyafunga kwa ndoto.

"Nimetunga," nikasema.

"Ndivyo wanavyosema wote waliooteshwa," akasema mmoja wa vijana, na mwenzake akakubali kwa kichwa.

"Nimetunga hapa hapa, kati ya mlango na mashine hiyo."

"Mbona umejua dhahabu ni ng'ombe?"

"Kwa sababu nimezaliwa kwa wafugaji."

"Ehee," akasema, kana kwamba nimekiri. Kila nilichojitetea nacho kiligeuka ushahidi. Nilikuwa nawapa ukweli mtupu na wao walikuwa wanausikia kama masharti ya mganga: apatikane bibi aliyekoma, wa ukoo wa wafugaji, anayejua kuita.

Msimamizi hakunitazama. Alikuwa anaitazama mashine ya fotokopi. "Pale kwetu yupo mmoja," akasema. "Anauza uji."

Mpaka leo sijui kama mtu yule aliamini lolote kati ya hayo. Wakati mwingine nafikiri alikuwa ametafuta kwa muda mrefu namna ya kumshusha mama bila vijana kukimbia, na hadithi yangu ikawa ndiyo hiyo namna. Wakati mwingine naona alitaka dhahabu tu kama wenzake. Sikumuuliza. Niliwaambia hapana, nikafunga kibanda mchana kweupe, nikaenda kwa mama.

Nilimkuta ameshaambiwa. Alikuwa anafua khanga.

"Hushuki," nikasema hata kabla ya shikamoo.

"Marahaba," akasema.

Nilizunguka chumba kile cha mabati, hatua chache kila upande, nikaongea mpaka sauti ikakauka. Nilimwambia dhahabu isipopatikana watasema ameifukuza. Ikipatikana watasema anajua njia yake, na wa maduara mengine watamwonea wivu. Mtu akijikwaa tu huko chini, watatazama macho yake. Nilimkumbusha dada yake. Nilimwambia sikumtunga bibi yule ili nije nimzike mama yangu.

"Dada yangu hakuwa amefanya kitu," mama akasema. "Mimi angalau nitakuwa nimefanya."

"Basi waambie ukweli kwamba unamfuata kaka."

"Ukweli niliwaambia, tena wewe ulikuwepo. Wakaukataa. Hadithi wameikubali." Akakamua khanga. "Mimi nauza uji juu ya mwanangu. Kila asubuhi nawasha moto juu ya kichwa chake, nawapa watu uji, wanashiba, wanashuka kumpita. Sasa mlango umefunguliwa nawe unasimama katikati."

Nilikaa. Ni jambo nisilolifanya, lakini nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Walimshusha asubuhi, baada ya uji. Mama alivaa khanga ile iliyofuliwa juu ya suruali ya kuazima, akachukua kibuyu, akavua kandambili zake na kuziweka sambamba kando ya gogo. Akavuka. Hakuna aliyemzuia, vijana walimpisha. Nami nikainua mguu kumfuata, na mkono wa kijana ukanyooka mbele ya kifua changu.

"Dada, wewe bado."

Nilimtazama yule mtoto wa watu. Nchi yote ya chini niliitunga mimi, milango yake, mito yake, kila ng'ombe na pembe zake, na sasa nazuiwa getini. Nilirudisha mguu. Mama alikaa kwenye kitanzi cha kamba, wakamfunga taa kichwani, msimamizi na vijana kadhaa wakatangulia, winchi ikaanza kulia. Nilimwona kisogo, kisha taa, kisha sikuona kitu.

Nilitembea. Kutoka mwisho mmoja wa gogo hadi mwingine, nikarudi, tena na tena, mpaka mpishi wa kibanda cha pili akaniomba nikae maana namtia kizunguzungu. Sikukaa. Nilifikiria yale matimba, miti inayoshikilia kuta za duara, nikajiuliza ni ya lini. Nilifikiria goti lake. Nilijiuliza ni nani aliyenituma kumpa bibi yule ujasiri mwingi hivyo, ningeweza kumpa woga kidogo, hadithi isingeharibika.

Halafu sauti yake ikapanda. Ilikuwa ndogo, imesagwa na kuta, lakini nilitambua mwito wa ng'ombe, ule wa jioni wa Samuye ambao sikuwa nimeusikia tangu utotoni. Aliwaita kwa majina yao, mmoja mmoja, ng'ombe wa babu yangu. Baada ya kila jina vijana waliokuwa naye huko chini waliitikia kwa kulirudia, kwa pamoja, kama alivyowaelekeza. Watu wa juu waliacha kazi. Karasha ya jirani, mashine ya kusaga mawe, ikazimwa.

Jina la mwisho lilikuwa la kaka yangu.

Machimboni kila mtu ana jina la machimboni. Jina la kaka la nyumbani, alilopewa na bibi yetu, hakuna aliyelijua pale isipokuwa mimi, mama, na labda msimamizi. Vijana walidhani ndiye dume la kundi, fahali anayetangulia. Kwa hiyo mama alipoliita, wakaliitikia kwa nguvu kuliko mengine yote. Aliliita tena, wakaitikia tena. Ardhi yote ilikuwa inamwita kaka yangu, wanaume wasiomjua, vifua wazi, kwa sauti moja, na mama mbele yao. Niliziba mdomo kwa mikono miwili ili nisilie nikavuruga kila kitu.

Alipopandishwa alikuwa amejaa vumbi, macho yake mekundu kweli kweli. Kibuyu hakuwa nacho. Pindo la khanga lilikuwa limefungwa fundo, nalo amelifumbata ngumi. Akavuka gogo, akavaa kandambili, midomo imefungwa.

Vijana walipanga mstari. Hao ndio waliozoea kumwambia "mambo mama, weka na karanga". Sasa waliinamisha vichwa. "Shikamoo, bibi," wakasema kwa pamoja.

Mama akapita kimya.

Nimewaeleza kuhusu mama mkubwa, kwamba bibi asiyeamkiwa yuko hatarini. Sasa mfikirie bibi anayeamkiwa na hadhara nzima akakaa kimya. Nilimwona kijana mmoja akimgusa mwenzake. Nilimwona mwingine akitazama macho ya mama, kisha ngumi yake, kisha ardhi. Marahaba ni ya mama, siwezi kuisema mimi, na pale palikuwa na wanaume walionizidi umri.

"Atawaitikia akifika," nikasema. Ilitoka yenyewe.

"Mmesikia," msimamizi akasema nyuma yangu. "Ndivyo ilivyo kwenye hadithi. Akifika."

Wakatupisha. Tulitembea hadi kwenye bodaboda, na mgongo wangu wote ulikuwa unawasha. Sharti la kutogeuka lilikuwa la mama, lakini hata mimi sikuthubutu.

Kutoka Geita hadi Samuye ni safari ya kutwa, na kwenye basi hakuna mahali pa kutembea. Nilitikisa goti mpaka abiria wa mbele akageuka. Ushirombo alipanda mama mmoja wa makamo, akakaa kiti cha pembeni yetu, akamwamkia mama yangu vizuri. Kimya. Nikasema mzee amepotewa na sauti, koo. Akampa pole na kipande cha tangawizi, mama akapokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa kwenye fundo. Na simu yangu haikuacha kulia. Kundini walikuwa wanauliza: bibi amefika wapi? Mbona hakuitikia? Mmoja ambaye namba yake sikuijua aliandika kuwa mzee anayekataa shikamoo ana lake jambo. Chini yake wengine wakaanza kuandika, wakafuta, wakaandika. Nilizima simu, nikaiwasha, nikaizima. Mama alisinzia ameketi wima. Ngumi haikufunguka hata usingizini.

Tulifika jua likiwa limelegea. Mjomba alikuwa ameshapigiwa simu na kuchimba kijishimo pembeni ya kaburi la baba. Mama alipiga magoti, akafungua fundo kwa meno kwa kuwa vidole vilikuwa vimekakamaa. Haukuwa udongo hasa. Ulikuwa mchanga wa mwamba, wa kijivu, na ndani yake palikuwa na kitu kinachong'aa. Yawezekana ni ulanga tu. Mama aliona kuwa nimeona. Akaumimina wote shimoni, akakung'uta khanga mpaka punje ya mwisho, akafukia kwa viganja vyake, akashindilia.

Kama duara lile lilitema baadaye au halikutema, hilo ni la wenye duara. Mimi sikuuliza.

Alinawa mikono kwenye beseni la mjomba, polepole, hadi kwenye viwiko. Nilingoja alie. Badala yake alininyooshea kiganja, kisha akafanya kidole gumba kama ninavyofanya mimi ninapobonyeza kurekodi. Nikatoa simu, nikaiwasha, nikaishika mbele ya mdomo wake. Nilikuwa nimesimama, na kwa mara ya kwanza sikumbuki kusogea.

Mama akasafisha koo lililolala na maneno tangu asubuhi.

"Marahaba, wanangu," akasema. "Nimefika naye."